Mlango wa Pili wa Tumbo

Mwaka 1959 daktari kijana kutoka Indiana, Marekani, aliyeitwa Ernest Steury, alifika Tenwek, karibu na maporomoko ya mto Nyangores, si mbali na mji wa Bomet. Siku hizo Bomet ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kericho. Wilaya yake yenyewe ilikuja mwaka 1992. Wamishonari wa World Gospel Mission walikuwa wameanzisha zahanati hapo mwaka 1937, na kwa zaidi ya miaka ishirini wauguzi ndio walioibeba. Steury akawa daktari wa kwanza kukaa. Kwa miaka mingi ya mwanzo alikuwa peke yake: yeye mkunga, yeye daktari wa watoto, yeye mpasuaji, na taa za chumba cha upasuaji zikitegemea jenereta ya dizeli. Umeme wa uhakika ulipatikana mwaka 1987, hospitali ilipojenga bwawa lake kwenye mto uleule.

Upande wa Kericho mambo yalikuwa tofauti kidogo. Brooke Bond ilikuwa imeanza kupanda chai huko miaka ya 1920, na mashamba makubwa yalikuwa na zahanati na hospitali kwa ajili ya wafanyakazi wao. Wakipsigis wa vijijini, wenye ng'ombe wachache na kipande cha wimbi au mahindi, walibaki na hospitali ya serikali na zile za misheni: Litein, Kaplong, Tenwek. Huko ndiko walikopelekwa wakiwa wamebebwa kwa machela, na huko ndiko historia ninayotaka kuisimulia ilikotua, ingawa ilianzia mbali sana.

Kulikuwa na mgonjwa mmoja ambaye kila daktari wa nyanda za juu za Afrika Mashariki alijifunza kumtambua kabla hajapanda kitandani. Ni mtu mzima, mara nyingi mwanamume, aliyesumbuliwa na vidonda vya tumbo kwa miaka. Maumivu yalikuwa yakimwamsha usiku wa manane. Akinywa maziwa yanatulia, kisha yanarudi. Halafu yakapungua, naye akadhani amepona. Kumbe kidonda kilichokuwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba kimeacha kovu, na kovu limeubana mlango ambao chakula hutokea tumboni. Jioni anakula kimyet (ugali) na isagek (mboga za mgagani). Kesho yake jioni anatapika kimyet ileile na isagek zilezile, hazijasagika, wala hazina rangi ya nyongo. Kukosekana kwa nyongo ndiko kunakomwambia daktari pa kutafuta, kwa sababu nyongo humwagika utumboni chini ya pale palipozibwa.

Mgonjwa huyo amekonda hadi mbavu zinahesabika. Ukimpa maji na kumtazama kwa subira, utaona mawimbi yakitambaa chini ya ngozi ya tumbo kutoka kushoto kwenda kulia: ni misuli ya tumbo inayohangaika kusukuma chakula kwenye mlango usiofunguka. Daktari humshika nyonga zote mbili na kumtikisa kidogo, na maji husikika yakichupachupa ndani, hata kama chakula cha mwisho kililiwa saa nyingi zilizopita.

Kumkimbiza thieta siku hiyohiyo ni kumuua. Matapishi yameondoka na asidi ya tumbo, chumvi na potasiamu, damu imegeuka kuwa na alkali kupita kiasi, na moyo unaweza kusimama chini ya dawa za usingizi. Kwanza huwekewa dripu ya maji ya chumvi. Akianza kukojoa vizuri, anaongezewa potasiamu. Kisha mpira mnene hupitishwa mdomoni hadi tumboni, na mabaki ya chakula yaliyooza humo yanasafishwa kwa maji, mara moja, mara mbili, siku baada ya siku, mpaka maji yarudi meupe. Kazi hii inanuka na inachosha, na hufanywa na wauguzi. Katika vitabu vya upasuaji imepewa mistari michache tu, lakini naamini imeokoa watu wengi kuliko kisu chenyewe. Hospitali iliyoendeshwa na wauguzi miaka ishirini kabla ya kupata daktari ilikuwa na msingi mzuri wa kazi kama hiyo.

Halafu ndipo upasuaji. Tumbo linafunguliwa kwa mkato wa wima kuanzia chini ya kifua. Mpasuaji anainua utumbo mpana, anaingiza mkono chini yake upande wa kushoto wa uti wa mgongo, na kutafuta mahali utumbo mwembamba unapochomoza baada ya kupita nyuma ya tumbo. Hapo hawezi kukisia. Akishika kitanzi cha chini mno na kukishona kwenye tumbo, mgonjwa atakula na bado atakufa kwa utapiamlo, maana chakula kitaruka sehemu kubwa ya utumbo bila kunyonywa. Akishapata mwanzo halisi, anachukua kitanzi kilicho karibu, anakileta juu mpaka kiguse sehemu ya chini ya tumbo, na kuanza kushona safu ya nyuma. Anafungua tumbo, anafungua utumbo, kila tundu likiwa na upana wa vidole viwili au vitatu hivi. Anashona kingo za ndani kwa uzi unaozunguka bila kukatika, kona kwa kona, kisha safu ya nje ya kuimarisha. Mwishoni anabana mshono kwa vidole kuona kama unapitisha na kama unavuja. Mlango wa zamani haukuguswa. Umeachwa na kovu lake, na chakula kimepewa mlango wa pili.

Madaktari huuita upasuaji huu gastrojejunostomia. Katika wodi za Kenya utasikia tu baipasi ya tumbo.

Upasuaji huu ulizaliwa Vienna, Septemba 28, 1881. Mwanzoni mwa mwaka huo, Januari 29, Theodor Billroth alikuwa amekata uvimbe wa saratani kwenye mlango wa tumbo la mama mmoja na kuunganisha tena tumbo na utumbo. Wengine wawili walikuwa wamejaribu kabla yake, Jules Péan wa Paris na Ludwik Rydygier wa Poland, na wagonjwa wao wote wawili walikufa. Mgonjwa wa Billroth aliinuka akala, akaishi miezi minne hivi kabla ya saratani kumrudia na kumuua. Ulaya nzima ilisikia habari hiyo. Msaidizi wake, Anton Wölfler, alipomfungua mgonjwa mwingine Septemba, alikusudia kufanya vilevile, lakini akakuta saratani imeshikamana na viungo vya jirani kiasi kwamba haiondoleki. Alikuwa karibu kumfunga na kumrudisha kitandani afe kwa njaa. Mwenzake aliyekuwa akimsaidia, Carl Nicoladoni, akampa wazo: kwa nini tusiunganishe tumbo na utumbo mwembamba na kuuacha uvimbe ulipo? Wölfler akafanya hivyo papo hapo. Mgonjwa aliacha kutapika, akaanza kula.

Kwa mtazamo wangu, hilo ndilo jambo la kukumbuka kuhusu upasuaji huu. Ulianza pale ambapo uponyaji ulikuwa umeshindikana, na waliokuwa mezani hawakukubali kwamba kushindwa kuponya ni kushindwa kusaidia. Madaktari wa milima ya chai waliifanya njia hiyo kuwa yao kwa sababu wagonjwa waliowafikia wengi walikuwa wamechelewa namna ileile.

Njia haikunyooka mara moja. Katika wagonjwa waliofuata, wengine walikufa wakitapika nyongo bila kukoma, kwa sababu kitanzi kilijikunja na kurudisha kila kitu tumboni. Ludwig Courvoisier wa Uswisi alijaribu kupitisha utumbo nyuma ya tumbo mwaka 1883, Viktor von Hacker akaiboresha njia hiyo mwaka 1885, Heinrich Braun akaongeza mshono wa pili unaounganisha miguu miwili ya kitanzi ili nyongo ipite pembeni, na César Roux wa Lausanne akaukata utumbo na kuuunganisha kwa umbo la herufi Y. Njia zote hizo bado zinatumika, na mpasuaji mwenye uzoefu huchagua kulingana na anachokikuta ndani.

Kosa kubwa zaidi lilichukua miaka mingi kuonekana. Rydygier alikuwa ametumia upasuaji huu mwaka 1884 kwa mgonjwa ambaye tatizo lake lilikuwa kidonda, wala si saratani, na mwanzoni mwa karne ya 20 watu kama Berkeley Moynihan wa Leeds waliufanya kuwa tiba ya kawaida ya vidonda vya tumbo. Mgonjwa aliyezibwa alipata nafuu kubwa. Lakini utumbo mwembamba haukuumbwa kuvumilia asidi, na sasa asidi ilikuwa ikimwagikia moja kwa moja. Miaka michache baadaye kidonda kipya kilitokea palepale kwenye mshono, chenye maumivu makali kuliko cha kwanza, kikitoa damu au kutoboka. Braun alikuwa amekieleza kidonda cha aina hiyo mwaka 1899, na bado watu waliendelea kushona. Jibu lilikuja mwaka 1943, pale Lester Dragstedt wa Chicago alipoanza kukata neva za vagasi, zile zinazoliamuru tumbo kutoa asidi. Ukizikata neva hizo, asidi inapungua sana, ila tumbo linakuwa legevu na kushindwa kujimwaga. Kwa hiyo mambo mawili yakaungana: kata vagasi, fungua mlango wa pili.

Upasuaji huo wa pamoja ndio uliotawala Afrika Mashariki katika nusu ya pili ya karne iliyopita. Si kwa bahati. Mwaka 1975 Frank Tovey na M. Tunstall walichapisha katika jarida la Gut uchunguzi wa vidonda vya tumbo kusini mwa Sahara, wakikusanya taarifa za hospitali nyingi. Ilionekana kwamba ugonjwa umejazana mahali fulani fulani: mpaka wa maji kati ya Nile na Kongo, nyanda za juu za Ethiopia, kaskazini mwa Tanzania, pwani ya Afrika Magharibi. Sehemu nyingine, hasa za savana, wagonjwa walikuwa wachache. Tovey alivishuku vyakula. Daktari wa misheni hakuwa na muda wa kungoja maelezo. Mbele yake kulikuwa na mtu mwenye mlango uliozibwa.

Na huyo daktari mara nyingi hakuwa bingwa. Ndiyo maana nakithamini kitabu ambacho Maurice King, aliyewahi kufundisha Makerere na baadaye kufanya kazi Kenya, alikihariri na wenzake kiitwacho Primary Surgery. Juzuu lake la magonjwa yasiyo ya majeraha lilitoka mwaka 1990. Kiliandikwa kwa ajili ya daktari wa wilaya aliye mbali na rufaa, hatua kwa hatua, kikimwambia lini afanye na lini aache. Juzuu za namna hiyo, kurasa zimelegea na zina madoa ya iodini, zimetunza maisha mengi katika nchi hii.

Wakati huohuo, kule Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walikuwa wameshagundua bakteria wanaoishi tumboni. Waliwaotesha maabara mwaka 1982. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa yeye mwenyewe, akaugua tumbo. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria hao, Helikobakta pailori, ndio chanzo cha vidonda vingi, na hutibika kwa antibiotiki za wiki mbili pamoja na dawa ya kuzuia asidi. Dawa za kuzuia asidi nazo zilikuwa zimeanza kuingia sokoni: simetidini ya James Black mwaka 1976, omeprazoli mwishoni mwa miaka ya 1980. Ulaya na Marekani, upasuaji wa vidonda vya tumbo ulipungua ghafla hadi madaktari vijana wakawa wanausoma vitabuni tu.

Kericho na Bomet mabadiliko hayo yalifika nusunusu. Omeprazoli ipo katika kila duka la dawa kuanzia Kapsoit hadi Silibwet, na ni baraka. Lakini dawa hiyo hutuliza bila kuua bakteria, na watu wazima wengi wa Kenya wanaishi nao. Mchuma chai anayebeba kikapu mgongoni tangu alfajiri hununua vidonge vya diklofenaki kwa ajili ya mgongo, na vidonge hivyo vinatoboa tumbo polepole. Maumivu yakija, ananunua omeprazoli. Anapoanza kutapika chakula cha jana, miaka imepita. Kwa hiyo mgonjwa wa zamani bado anakuja, ingawa si kwa wingi wa siku zile.

Anayekuja zaidi sasa ni yule wa Wölfler, mwenye saratani. Wataalamu wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walipochunguza wagonjwa waliozibwa mlango wa tumbo, taarifa iliyochapishwa mwaka 2013, waligundua kwamba waliozibwa na saratani walikuwa wengi kuliko waliozibwa na vidonda, na upasuaji uliofanywa zaidi ulikuwa huu wa kuunganisha tumbo na utumbo. Mwanza si Bomet, lakini ziwa lililo kati yetu halibadilishi sana ugonjwa wala kuchelewa.

Bomet imejulikana duniani kwa saratani nyingine, ile ya umio, ambayo hapa huwapata hata vijana wenye miaka ishirini na kitu. Mpasuaji Russell White na wenzake wa Tenwek walianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kupitisha mrija wa waya unaojipanua ndani ya umio uliozibwa, wakitumia kamera na vipimo vya mkono badala ya eksirei. Mwaka 2009 matokeo yao yalichapishwa katika The Lancet Oncology. Mtu aliyekuwa hamezi hata mate alinywa chai jioni ileile. Michael Mwachiro, mpasuaji aliyefunzwa Tenwek, na wenzake wakaenda hatua ya mbele zaidi: waliwachunguza kwa kamera na rangi ya iodini watu wasio na dalili yoyote, na kukuta zaidi ya mmoja kati ya kumi ana chembe zilizokwisha kuanza kubadilika. Wamepima hata joto la chai inayonywewa majumbani, kwa kuwa chai ya moto sana inashukiwa kuchangia saratani hiyo.

Mtu atauliza: kama mrija unafaa kwenye umio, kwa nini usitumike pia kwenye mlango wa tumbo na kuacha kisu? Unatumika. Madaktari wa Uholanzi walilinganisha njia hizo mbili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Wenye mrija walianza kula mapema zaidi. Wenye baipasi walichelewa siku kadhaa, lakini baada ya miezi miwili wao ndio waliokuwa wakila vizuri zaidi, na wenye mrija walizibika tena na kuhitaji kurudiwa mara nyingi zaidi. Kwa familia ya mlimani inayolipia safari kwa kuuza ndama au kungoja bonasi ya kiwanda cha Kapkoros au Tirgaga, kurudiwa ni gharama nzito. Mshono uliofanywa mara moja ukafanywa vizuri hauna wa kumdai tena. Ndiyo sababu nawapinga wanaouita upasuaji huu wa kizamani. Mgonjwa akiwa na nguvu za kuhimili na matumaini ya kuishi zaidi ya miezi michache, huo ndio uamuzi wa busara.

Kinachohitajika ni mikono. Mwaka 2008 Tenwek ilianza kufunza wapasuaji wake kwa miaka mitano chini ya PAACS, mpango wa Kikristo wa kufunza wapasuaji Afrika, na mitihani yao husimamiwa na chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999. Kwa hiyo kitanzi cha utumbo ambacho zamani kilitafutwa na daktari mgeni aliyefungua kitabu mezani, leo kinatafutwa na Mkenya, Mrundi au Mwethiopia, mwalimu wake akiwa amesimama upande wa pili akimwuliza: una hakika huo ndio mwanzo wa utumbo? Nionyeshe.

Mjini Nairobi mshono wa familia hiyohiyo unafanywa kwa kusudi la kinyume. Mwaka 1966 Edward Mason wa Iowa alianza kupunguza tumbo na kuliunganisha na utumbo ili watu wanene kupita kiasi wale kidogo. Sina ugomvi na hilo. Unene huo huleta kisukari, na kisukari ni adui halisi. Ila natamani vifaa na mabingwa wanaovutwa na kazi hiyo yenye malipo wapatikane pia katika hospitali za Longisa na Kericho.

Baada ya baipasi mgonjwa haruki kitandani. Siku za kwanza mpira wa puani unanyonya maji ya tumbo, maana tumbo lililonyooshwa miezi mingi huamka polepole. Kisha maji kwa vijiko, uji mwepesi, maziwa. Nyumbani anaambiwa ale kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, asijaze sahani, asinywe soda au chai yenye sukari nyingi kwa mkupuo, la sivyo jasho litamtoka, moyo utaenda mbio na kichwa kitazunguka. Familia ikielewa hilo, anapata kilo chache. Mwenye kovu la kidonda, akishatibiwa bakteria, anaweza kuishi hadi uzeeni. Mwenye saratani anapata miezi ya kula mezani na watu wake.

Miezi hiyo ina thamani kubwa, lakini isiwe ndiyo yote tunayotarajia. Mtu aliyevuka miaka arobaini ambaye tumbo linaanza kumsumbua upya, anayekonda bila sababu, anayeshiba kwa matonge mawili au kutapika chakula cha jana, anahitaji kamera, si pakiti ya tatu ya omeprazoli. Saratani ya tumbo ikikutwa ingali ndogo, mpasuaji wa Bomet anaweza kuukata uvimbe wote, alivyofanya Billroth mwezi wa Januari, badala ya kuuzunguka, alivyolazimika Wölfler mwezi wa Septemba.